Kuiuliza Mashine Sababu: Njia ya Uzamivu katika Hisabati ya Akili Unde Inayoelezeka

Katikati ya miaka ya 1990, watafiti wa Marekani walifundisha modeli kadhaa za kompyuta kukadiria ni mgonjwa yupi wa nimonia aliye karibu na kifo, ili mwenye hatari kubwa alazwe na mwenye hatari ndogo atibiwe akiwa nyumbani. Iliyokadiria vizuri kuliko zote ilikuwa mtandao wa neva, yaani modeli ambayo hata aliyeiunda hawezi kuzisoma sababu zake. Modeli nyingine katika mradi huohuo, iliyotoa kanuni zinazosomeka, ilikuja na jambo la ajabu: mgonjwa wa nimonia mwenye pumu yuko salama zaidi kuliko asiye na pumu.

Data haikudanganya. Wagonjwa wa pumu walipofika hospitalini na nimonia walikimbizwa kwenye wodi ya uangalizi maalumu, wakahudumiwa haraka, wakapona. Modeli iliona kupona, haikuona wodi. Kama ingewekwa kazini ingewarudisha nyumbani watu waliohitaji kitanda kuliko wengine. Mtandao wa neva nao ukawekwa kando, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema ni makosa mangapi ya namna hiyo yamejificha ndani yake. Rich Caruana, aliyeshiriki katika kazi hiyo, alikirudia kisa hiki katika makala ya mwaka 2015, akionyesha modeli zinazosomeka ambazo usahihi wake unakaribia ule wa modeli zisizosomeka.

Anayefikiria kufanya shahada ya uzamivu katika eneo hili akisome kisa hicho mara mbili. Mara ya kwanza kitamwonyesha kwa nini kazi hii ina uzito. Mara ya pili kitamwonyesha ilipo hisabati. Kusema "modeli imetegemea pumu" ni kutoa dai juu ya fankisheni yenye vigezo vingi, na dai lolote juu ya fankisheni linaweza kuwa kweli au uongo. Mbinu nyingi zilizotungwa tangu wakati huo hutoa madai ya aina hiyo kila siku, kwa rangi nzuri na michoro ya kuvutia, bila kuthibitisha hata moja. Kazi ya mwanahisabati ni kueleza kwa usahihi dai linasema nini, kisha kuonyesha ni lini linasimama na ni lini linaanguka.

Mfano wa kuukokotoa kwa mkono

Mbinu inayotumika sana leo kueleza uamuzi wa modeli inaitwa SHAP. Ilitolewa mwaka 2017 na Scott Lundberg na Su-In Lee wa Chuo Kikuu cha Washington, lakini mzizi wake ni wa zamani zaidi. Mwaka 1953 Lloyd Shapley, mwanahisabati wa Marekani ambaye mwaka 2012 alitunukiwa Nobel ya uchumi pamoja na Alvin Roth, aliuliza swali la nadharia ya michezo: wachezaji kadhaa wakishirikiana kupata faida, kila mmoja apewe kiasi gani? Aliweka masharti manne. Faida yote igawanywe. Wawili wanaochangia sawasawa wapate sawasawa. Asiyechangia chochote asipate kitu. Michezo miwili ikijumlishwa, migao nayo ijumlishwe. Kisha akathibitisha kuwa kuna kanuni moja tu ya ugawaji inayotimiza yote manne.

Katika SHAP, wachezaji ni vigezo vya modeli na faida ni jibu lake. Tuseme modeli ya mkopo wa simu inatoa alama kati ya 0 na 100. Isipojua chochote kuhusu mwombaji, inatoa 20. Ikijua umri wa laini yake tu, inatoa 30. Ikijua miamala yake ya mwezi tu, inatoa 50. Ikijua yote mawili, inatoa 80. Zimeongezeka alama 60, nani kazileta? Umri wa laini ukitangulia unaleta 10, kisha miamala inaleta 50. Miamala ikitangulia inaleta 30, kisha umri wa laini unaleta 30. Shapley anachukua wastani wa mipangilio yote miwili: umri wa laini unapata 20, miamala inapata 40. Jumla ni 60, na masharti yote yametimia.

Hadi hapo kila kitu ni safi, na wanafunzi wengi huishia hapo. Mtafiti hana budi kusimama na kuuliza: maneno "ikijua umri wa laini tu" yana maana gani? Modeli imejengwa kupokea namba mbili. Ukiipa moja, haifanyi kazi. Kwa hiyo mahali pa miamala lazima pajazwe kitu, na kuna njia zaidi ya moja ya kupajaza.

Njia ya kwanza ni kuchukua wastani wa majibu kwa watu wote wenye umri uleule wa laini. Ya pili ni kuokota miamala ya watu wowote, bila kujali laini zao, na kuibandika. Tofauti yake inaonekana katika mfano mdogo sana. Modeli inasoma kigezo cha kwanza peke yake na kukirudisha kama kilivyo. Kigezo cha pili haikigusi kabisa. Lakini katika data, kigezo cha pili siku zote kinalingana na cha kwanza. Kwa njia ya kwanza, ukikijua cha pili umeshakijua cha kwanza, hivyo kila kigezo kinapewa nusu ya sifa, na kigezo ambacho modeli haijakisoma kinaonekana kuwa kimechangia. Kwa njia ya pili, kigezo cha kwanza kinapata sifa yote, jambo linaloonekana la haki, ila modeli imeulizwa kuhusu watu wasiokuwepo duniani, wenye namba mbili zisizoweza kukutana kwa mtu mmoja.

Hili si suala la ladha. Tuseme kigezo ambacho hakikuguswa ni kata anayoishi mwombaji, na kilichoguswa kinafuatana na kata hiyo bila kuachana. Je, mkopeshaji amebagua kwa makazi? Njia moja ya SHAP itasema ndiyo, nyingine itasema hapana, na zote mbili zimetimiza masharti ya Shapley. Mwaka 2020 zilitoka makala kadhaa zilizolibishania jambo hili, mojawapo ikiuliza kama maelezo yawe ya kweli kwa modeli au ya kweli kwa data. Mjadala haujafungwa. Mwanafunzi anayeweza kuukokotoa mfano huu kwa kalamu, kisha akaupanua hadi vigezo vitatu vinavyofuatana kwa viwango tofauti, ameshaingia kwenye utafiti wenyewe.

Thiorema zinazokataa

Baadhi ya matokeo yenye thamani kubwa katika uwanja huu ni yale yanayosema jambo fulani haliwezekani. Mwaka 2024 Blair Bilodeau, Natasha Jaques, Pang Wei Koh na Been Kim walichapisha uthibitisho kuwa, kwa modeli zenye uwezo wa kutosha, mbinu yoyote ya kugawa sifa ambayo ni kamili (inagawa faida yote) na ya mstari (modeli zikijumlishwa, migao nayo hujumlishwa) inaweza kushindwa kufanya vizuri kuliko kubahatisha pale inapotumiwa kutabiri mwenendo wa modeli. SHAP imo katika kundi hilo, na pia mbinu ya kujumlisha miteremko ambayo Mukund Sundararajan na wenzake wa Google waliitoa mwaka 2017. Masharti yaleyale yanayoifanya mbinu ivutie ndiyo yanayoiponza.

Kuna vikwazo vya hesabu pia. Vigezo 30 vina makundi 1,073,741,824, na SHAP kwa maana yake halisi inataka yote yapitiwe. Kwa modeli za miti ya maamuzi ipo algoriti inayofika kwenye jibu kamili kwa muda mfupi. Kwa modeli nyingine tatizo ni gumu kwa namna inayothibitika. Stephan Wäldchen, Jan Macdonald, Sascha Hauch na Gitta Kutyniok, waliokuwa Berlin, walichukua swali tofauti kidogo: je, lipo kundi dogo la vigezo linalotosha, kwa uwezekano mkubwa, kuuhifadhi uamuzi wa modeli? Walionyesha kuwa swali hilo liko kwenye daraja la ugumu lililo juu ya NP, ambalo tayari lina matatizo magumu sana, na kwamba hata kulikadiria ni kugumu.

Jiometri ina fungu lake. Mwaka 2019 kundi jingine la Berlin lilionyesha kuwa picha inaweza kubadilishwa kidogo, jicho lisione tofauti na jibu la modeli lisibadilike, huku ramani ya maelezo, yaani picha inayoonyesha sehemu ambazo modeli imezitegemea, ikigeuzwa kuwa chochote anachotaka mdanganyifu. Chanzo walikipata kwenye mpindo wa nyuso za fankisheni: penye mpindo mkali, mteremko hugeuka ghafla kwa hatua ndogo sana. Aliyewahi kusoma jiometri ya tofautisho chuoni akadhani hataitumia tena, hapa ana nafasi.

Majaribio nayo yamesema. Julius Adebayo na wenzake, mwaka 2018, walizivuruga namba za ndani ya modeli hadi modeli ikawa haijui kitu, kisha wakaziomba mbinu za ramani ziieleze. Baadhi zilitoa ramani karibu ileile kama mwanzo. Ramani isiyobadilika modeli inapoharibiwa haielezi modeli hiyo. Inachora kingo za picha tu.

Kabla ya kuomba nafasi

Msingi wa kwanza ni aljebra ya vekta na matriki pamoja na nadharia ya uwezekano, zote kwa kiwango cha kuthibitisha. Kujua kuzitumia tu hakutoshi. Nadharia ya vipimo inasaidia sana, kwa kuwa swali lile la kujaza mahali patupu ni swali la wastani wenye masharti, na wastani huo ukiushika kijuujuu utakupotosha. Ongeza uboreshaji, yaani kutafuta kiwango cha juu au cha chini cha fankisheni, na takwimu. Nadharia ya michezo inaweza kusomwa njiani. Sehemu inayohitajika ni ndogo na inapendeza. Kuandika programu kwa Python hakuepukiki. Anayekuja kutoka idara ya kompyuta atapungukiwa na uthibitisho, anayetoka idara ya hisabati atapungukiwa na mazoea ya kufundisha modeli, na mapengo yote mawili yanazibika ndani ya mwaka mmoja wa kujituma.

Kuhusu vitabu, kile cha Christoph Molnar juu ya modeli zinazoelezeka kinasomeka bure mtandaoni na ni mlango mzuri. Lakini kisiwe nyumba. Makala karibu zote za uwanja huu zinapatikana bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya arXiv, na jambo lenye faida kuliko kuzisoma nyingi ni kuchukua moja yenye uthibitisho, kuifunga, na kujaribu kuuandika uthibitisho huo mwenyewe kutoka mwanzo. Pale utakapokwama ndipo penye sharti ambalo mwandishi alilitaja kwa mstari mmoja na ambalo huenda halitimii katika dunia halisi.

Isomwe pia hoja ya upande wa pili, na isomwe kwa moyo mweupe. Mwaka 2019 Cynthia Rudin wa Chuo Kikuu cha Duke aliandika kwamba katika maamuzi mazito, kama ya mahakama na hospitali, watu waache kuzieleza modeli zisizosomeka na badala yake watumie modeli zinazosomeka tangu mwanzo. Maelezo ya nje, alisema, hayawezi kulingana na modeli kikamilifu. Yangelingana yangekuwa ndiyo modeli. Mwanafunzi asiyeweza kuijibu hoja hii kwa ajili ya tatizo lake mwenyewe hajawa na tatizo la uzamivu. Mara nyingine jibu la haki ni kuhamia upande wa Rudin, na huko pia kuna hisabati tele: kutafuta mti mdogo kabisa wa maamuzi wenye usahihi unaotakiwa ni tatizo gumu la uboreshaji.

Swali la kukaa nalo miaka 4

Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa hiyo panahitaji maneno zaidi. Pendekezo linalosema "kuboresha uelezekaji wa modeli za kina katika afya" halisemi kitu kinachoweza kukosewa. Swali zuri lina kitu kinachoweza kuonekana si kweli. Kwa mfano: je, idadi ya sampuli zinazohitajika kukadiria thamani za Shapley kwa kosa fulani inaongezeka vipi kadiri vigezo vinavyofuatana? Hilo lina jibu, na jibu linaweza kukushangaza.

Msomaji wa Kiswahili ana swali moja mlangoni mwake ambalo Wazungu wachache wataliona. Modeli za lugha hukatakata maneno vipande kabla ya kuyasoma, na kitenzi cha Kiswahili, kwa kuwa kimebeba mtenda, wakati na mtendwa, hukatwa zaidi ya neno la kawaida la Kiingereza. Chukua sentensi "Hawajanilipa mshahara" na modeli inayotambua malalamiko ya wafanyakazi. Tuseme inalitambua lalamiko pale tu inapopata sentensi nzima. Kitenzi kikibaki kizima, wachezaji ni wawili, na kila neno linapata 1/2. Kikikatwa vipande viwili, wachezaji ni watatu, kila kipande kinapata 1/3, na kitenzi chote kwa jumla kinapata 2/3. Sentensi haikubadilika, modeli haikubadilika. Kisu ndicho kilichobadilika, na sifa zimehama kutoka kwa mshahara kwenda kwa kitenzi. Guillermo Owen alishughulikia michezo ya wachezaji waliojikusanya katika makundi tangu mwaka 1977, hivyo zana za kuanzia zipo. Kinachosubiri ni mtu wa kuuliza ni ugawaji gani usioyumba kwa lugha yenye viambishi, chini ya masharti gani, na kuthibitisha.

Mikopo ya simu ni uwanja mwingine ulio karibu. Huduma ya M-Shwari ilianza Kenya mwaka 2012, na tangu hapo kukopeshwa au kunyimwa kwa uamuzi wa mashine limekuwa jambo la kila siku kwa watu wengi. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 nayo inayagusa maamuzi hayo. Aliyenyimwa mkopo hahitaji mgawo wa Shapley. Anahitaji kujua abadilishe nini. Sandra Wachter, Brent Mittelstadt na Chris Russell walilipa swali hilo umbo la hesabu mwaka 2017: tafuta mwombaji wa kufikirika aliye karibu zaidi na huyu ambaye angekubaliwa. Neno "karibu" ndilo lenye kazi yote. Umri haurudi nyuma, kipato hakiongezeki mara tatu kwa wiki, na mkopeshaji anaweza kuifundisha modeli upya kabla mwombaji hajatimiza alichoambiwa. Ahadi iliyotolewa na modeli ya jana ina uwezekano gani wa kuheshimiwa na modeli ya kesho? Hilo nalo ni tasnifu.

Anayependa picha aangalie Makerere. Maabara ya akili unde ya chuo hicho ilitoa picha 21,367 za majani ya muhogo kutoka mashamba ya Uganda, zikiwa na magonjwa manne na majani yenye afya. Je, modeli inatazama jani au udongo uliokuwa nyuma yake? Hofu hiyo ina mfano wake. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walionyesha kuwa modeli iliyosifiwa kwa kutambua farasi ilikuwa ikisoma maandishi ya mpigapicha pembeni mwa picha, yaliyokuwemo katika takriban moja ya tano ya picha za farasi. Walipoyabandika maandishi hayo kwenye picha ya gari, modeli ikasema ni farasi.

Wapi, na kwa fedha za nani

Msimamizi ni muhimu kuliko jina la chuo. Tafuta mtu ambaye makala zake zina thiorema na majaribio kwa pamoja, na usome tasnifu za wanafunzi wake wawili watatu waliomaliza, kwa sababu huko ndiko utaona anawapa wanafunzi maswali ya aina gani na wanamaliza kwa muda gani. Ikiwa mwenye hisabati hajui modeli, au mwenye modeli hajui hisabati, omba wasimamizi wawili tangu siku ya kwanza. Kumwongeza wa pili mwaka wa tatu ni taabu.

Kwa anayebaki nyumbani, mtandao wa Eastern Africa Universities Mathematics Programme umeziunganisha idara za hisabati za Makerere, Nairobi, Dar es Salaam na nyingine kwa msaada wa Uppsala nchini Sweden na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia. Kigali ina tawi la AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, pamoja na Carnegie Mellon University Africa, na ndiko AMMI, shahada ya umahiri ya AIMS katika akili ya mashine, ilikoanzia mwaka 2018. Ni daraja zuri kwa aliye na shahada ya kwanza ya hisabati. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia. Wanawake wa baadhi ya nchi zinazoendelea wana dirisha lao kupitia OWSD, shirika lenye makao Trieste, ambalo limekuwa likifadhili uzamivu unaofanyika katika vyuo vya nchi za Kusini.

Nje ya Afrika, utaratibu hutofautiana na inafaa kuujua kabla ya kujaza fomu. Ujerumani na nchi za Skandinavia mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi ni mwajiriwa wa chuo: nafasi hutangazwa kama kazi, yenye mshahara na mkataba. Munich na Berlin ndizo zenye watu wengi wa hisabati ya eneo hili. Kutyniok mwenyewe sasa yuko Chuo Kikuu cha Ludwig-Maximilians, Munich. Uingereza ina vituo vya mafunzo ya uzamivu vinavyochukua wanafunzi kwa kundi kwa miaka minne, na kile cha Chuo Kikuu cha Bath kilichoanza mwaka 2019 kilihusu hasa akili unde yenye uwajibikaji na uwazi. Marekani mwombaji anaweza kuingia moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, akasoma kozi miaka miwili, na kulipwa kwa kufundisha. Masharti ya viza na nafasi kwa wasio raia hubadilika kila mwaka. Yaangaliwe kwenye tangazo rasmi, si kwa kusikia.

Mikutano isipuuzwe. Deep Learning Indaba imekuwa ikizunguka Afrika tangu mwaka 2017, na mwaka 2019 ilikuwa Chuo Kikuu cha Kenyatta, Nairobi. ICLR, mmoja wa mikutano mikubwa kabisa ya fani hii duniani, ulifanyika Kigali Mei 2023. Mkutano wa dunia wa akili unde inayoelezeka peke yake ulianza Lisbon mwaka huohuo. Bango moja lililowekwa katika mmoja wa mikutano hiyo huleta mazungumzo ambayo barua pepe hazileti.

Kazi yenyewe

Mwaka wa kwanza utumike kurudia matokeo ya wengine kwa mifano midogo: modeli yenye vigezo viwili, vitatu, vinne, ambayo jibu lake la kweli unalijua kwa sababu umeitengeneza mwenyewe. Huo ni ushauri ambao wanafunzi huupuuza wakikimbilia modeli kubwa. Mbinu ya maelezo ikikosea kwenye modeli kubwa huwezi kujua, maana ukweli wenyewe huujui. Ikikosea kwenye modeli ya vigezo vitatu unaiona ikikosea, na mara nyingi umepata thiorema yako ya kwanza.

Gharama si kubwa kama inavyodhaniwa. Kazi ya nadharia haihitaji jengo la kompyuta. Laptopu ya kawaida na muda wa bure kwenye Colab, huduma ya Google ya kuendesha programu mtandaoni, vinatosha kwa majaribio mengi ya kuthibitisha hoja. Hili ni mojawapo ya maeneo machache ya akili unde ambamo mwanafunzi wa Dodoma au Eldoret hajaachwa nyuma kwa sababu ya umeme na fedha.

Kila dai liandikwe pamoja na sharti lake na pamoja na mfano unaoliangusha sharti likiondolewa. Wahakiki wa makala za eneo hili wamechoka na picha za rangi. Mfano mmoja wa kupinga uliochaguliwa vizuri huwashawishi kuliko kurasa kumi za michoro. Na pale maelezo yanapokusudiwa kwa watu, daktari, mkulima au mwombaji wa mkopo, watu hao waulizwe. Maelezo yanaweza kutimiza masharti yote ya hisabati na bado mkulima asijue afanye nini na shamba lake. Aliyepanga kuishia kwenye thiorema aseme hivyo waziwazi ndani ya tasnifu, asiwaachie wengine wadhani amethibitisha manufaa.

Uthibitisho utakataa kwa miezi. Ni kawaida ya hisabati, na katika eneo hili una faida moja: uthibitisho unapogoma, jaribu kutafuta mfano wa kupinga kwa kompyuta usiku huohuo. Mara kadhaa katika fani hii dai lililoshindikana kuthibitishwa ndilo lililogeuka kuwa thiorema ya kutowezekana.

Barua ya kwanza kwa msimamizi iwe ukurasa mmoja. Iwe na swali moja, mfano mmoja ulioukokotoa mwenyewe kwa mkono, jina la makala moja yake uliyoisoma hadi mwisho, na mahali ndani ya makala hiyo ambapo unadhani sharti linaweza kulegezwa. Vyeti viambatishwe, visitangulie. Wasimamizi hupokea barua nyingi zinazosifu akili unde kwa jumla. Zenye mfano uliokokotolewa ni chache, na hizo ndizo hujibiwa.